Kola Iliyokatwa Kwenye Kifua cha Agathe

Jumanne ile mvua ilikuwa imekatika punde tu wakati msichana asiyemjua alipoingia kwa Apollinaire, akapita meza ya vitambaa bila kuitupia jicho, akaenda moja kwa moja kwenye msumari wa violezo.

Apollinaire alikuwa ameshona nguo miaka kumi na tisa mjini Bukavu, pale chini ya barabara inayoshuka Muhumba, na alijua namna watu wanavyoingia. Mwenye harusi huanzia kwenye kioo. Mwenye msiba husimama mlangoni mpaka akaribishwe. Mtu wa ofisi hushika kitambaa cha tergal kwa vidole viwili na kuuliza kama koti litawahi sikukuu. Huyu hakuwa mmoja wao. Alikuwa na sweta ya kijani iliyolowa mabegani, na alikitoa msumarini kiolezo cha mfuko, akakiinua kuelekea dirishani, akafumba jicho moja.

"Papa fundi," akasema, "hii iko radio ya kifua cha mutu?"

Apollinaire aliondoa miguu kwenye kanyagio la cherehani. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba ametumwa. Mwaka ule wa 1974, tai na majina ya Kizungu yakiwa yamepigwa marufuku na serikali, watu walitumwa kuchunguza mambo mengi: nani bado anavaa tai, nani bado anaitwa jina la ubatizo mbele ya watu. Akajibu kwa tahadhari kwamba ni plastiki tu, na kwamba alipewa, hakuiba.

Ilikuwa kweli. Miaka mitatu nyuma hospitali ilikuwa imetoa picha za zamani kwenye chumba chake cha radio, yaani eksirei, ili kupata nafasi, na Emile, mlinzi wa lango, aliagizwa azichome. Zilitoa moshi wenye harufu mbaya, basi akaona afadhali amgawie kila aliyezitaka. Wengine walizibia madirisha. Apollinaire alichukua rundo zima, kwa sababu violezo vyake, vile vipande vigumu anavyolaza juu ya kitambaa ili chaki ipite kando yake, vilikuwa vya katoni, na katoni hulegea majira ya mvua. Radio hailegei. Tangu wanaume wote wa mjini waanze kutaka abacost, koti lile la kuvaliwa bila tai, alikuwa amekata violezo vya kola, mifuko na mikono kutoka kwenye vifua vya watu asiowajua. Hata vile vijipande vyembamba vilivyobaki alivitia ndani ya kola za makoti ili zisimame. Hakuwahi kufikiri kwamba ni vifua.

Msichana alijitambulisha kuwa Agathe, binti ya mwalimu, mkazi wa Muhumba juu. Aliketi kwenye kiti cha wateja na kueleza kwa mpangilio, kama mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi kichwani. Alikuwa ameshinda mtihani wa kuingia shule ya uuguzi. Kila anayeingia hupigwa radio. Kwenye radio yake daktari aliona kivuli, upande wa kulia, chini kidogo ya mtulinga. Hakusema ni ugonjwa. Alisema kivuli peke yake hakina jina: huenda ni kovu la homa ya mapafu ya utotoni, huenda ni kifua kikuu kinachoanza. Walimpima makohozi, hawakuona kitu. Ikabaki njia moja ya kusaidia. Mwaka wa 1970, alipoingia bweni la lise, shule ya sekondari, alipigwa radio katika hospitali hiyo hiyo. Kama kivuli kilikuwapo tangu wakati ule na hakijakua, basi ni kovu lililolala, na daktari huyo, Floribert, atatia sahihi. Alikuwa amekwenda kuitafuta picha hiyo, na Emile akajikuna kichwa, akamwelekeza kwa fundi.

"Jumamosi saa mbili asubuhi anafunga orodha," alisema Agathe. "Mwenye hana karatasi, jina linatoka."

Sasa, katika mtaa mzima wa Ibanda Apollinaire alijulikana kwa jambo moja. Watu husema fundi wa nguo hula vitambaa, na kwamba ukitaka kujua kilikoishia kitenge chako, tazama watoto wa fundi Jumapili kanisani. Yeye alikuwa akikusanya mabaki yote ya kila kitambaa, hata utepe wa upana wa kidole, akayafunga kwa uzi na kumrudishia mwenyewe pamoja na nguo. Kwa hiyo ahadi ilimtoka kirahisi, kama anavyomwahidi kila mteja.

"Mabaki ya mutu narudishaka kwa mwenyewe," akamwambia. "Cha kwako kitarudi, maman. Cha kwako tu, hata kikuwe kidogo sawa kucha."

Agathe alicheka kwa mara ya kwanza. Kicheko kikageuka kikohozi, akaugeukia ukuta, akajifuta mdomo kwa leso iliyokunjwa vizuri, akaomba msamaha.

Jumatano Agathe alirudi kumsaidia kutafuta, na ndipo alipomfundisha kusoma hizo picha. Walisimama pamoja dirishani, ziwa likiwa limetanda rangi ya bati kule chini, wakainua kipande baada ya kipande. Apollinaire alikuwa akidhani weusi ndio ugonjwa. Agathe alimweleza kwamba ni kinyume: weusi ni hewa, na pafu zima ni jeusi kwa sababu limejaa hewa. Mifupa ni myeupe, moyo ni mweupe, na weupe unaotokea mahali pa hewa ndio wa kuulizwa. Halafu kulia kwa mtu kuko kushoto kwa anayetazama. Hilo Apollinaire alilielewa haraka, kwa maana ndivyo mteja anavyosimama mbele ya fundi anapopimwa.

"Yako iko namna gani?" akamwuliza.

Agathe alichukua chaki mezani, akachora juu ya kifua cha mtu mwingine kiduara kidogo chini ya mtulinga. Kilikuwa na ukubwa wa kifungo cha koti. Baadaye walikuta kivuli kama kifungo hicho hasa, cheupe na chenye kingo kali, kwenye kola iliyokatwa kutoka picha ya mtu aliyeitwa Modeste, kama sehemu yake ya chini ilivyoandikwa. Agathe alikitazama kwa muda mrefu. Alisema kovu huwa namna hiyo, na kwamba anaomba Mungu lake liwe hivyo.

Siku hiyo pia Apollinaire alijua kwamba baba mdogo wa Agathe ni Cyprien. Cyprien alikuwa mkubwa wa ofisi moja pale Ibanda, na vitambaa vilivyojaa mezani vilikuwa vyake: abacost kumi na mbili za wafanyakazi wake, za kuvaa kwenye gwaride la tarehe ishirini Mei. Zilitakiwa Jumamosi. Cyprien alikwisha kudokeza kwamba zikipendeza, kazi yote ya ofisi kwa mwaka mzima itakuja hapo. Apollinaire alifurahi kuona mambo mawili yanamwendea upande mmoja.

Alhamisi alipata sehemu ya chini ya picha ya Agathe. Ilikuwa kiolezo cha mkono, na pembeni mwake herufi nyeupe zilisomeka bila shida: BULONZA AGATHE, na tarehe ya Septemba 1970. Ilianzia katikati ya mbavu na kwenda chini. Sehemu ya juu, yenye mitulinga, ilikuwa imekatwa kola.

Kola alikuwa nazo tisa, zote za umbo moja, maana alizikata kwa kufuatisha ya kwanza. Alizilinganisha moja moja na sehemu ya chini jinsi anavyolinganisha mistari ya kitambaa kwenye mshono wa bega, ubavu kwa ubavu. Nane zilikataa. Ya tisa aliipata Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na alishindwa hata kucheka, kwa sababu ilikuwa chini ya mkono wake tangu Jumatatu. Ndiyo aliyokuwa akiitumia kukata kola za Cyprien.

Aliifuta chaki, akaenda nayo dirishani. Mbavu zilipokeana bila kasoro. Akatafuta chini ya mtulinga, kushoto kwake, kulia kwa Agathe. Akasogeza kipande karibu na jicho, akakifuta tena kwa kiganja, akidhani ni vumbi la chaki lililoficha.

Palikuwa peusi. Peusi na safi.

Saa tisa Agathe aliingia pamoja na Cyprien, aliyekuwa amekuja kutazama makoti yake. Apollinaire hakujua aanzie wapi, basi akawapa tu vile vipande viwili vilivyoshikanishwa. Cyprien aliviinua, na mara uso wake ukachangamka. Alisema hakuna kitu, mutoto yuko safi, na akamwuliza fundi kwa nini amekunja sura kama aliyeunguza tergal ya watu.

Agathe hakuchangamka. Alimweleza baba yake mdogo polepole, kwa sauti ya chini, kwamba usafi ule ni habari mbaya. Miaka minne iliyopita hapakuwa na kitu, leo pana kitu. Kwa hiyo si kovu la utotoni. Kimekuja karibuni.

Cyprien alivirudisha vipande mezani. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyemlipia binti wa kaka yake bweni kwa miaka minne, na alikwisha kuwaambia jamaa wote kwamba nyumba yao itakuwa na muuguzi. Alianza kutembea kati ya meza na dirisha. Alisema jina likitoka kwenye orodha halirudi. Alisema watu wa kule kwao watatafuta aliyemloga, mpaka waseme ni karuho, ile sumu ya kuua taratibu ambayo kila kikohozi kirefu cha Bukavu husingiziwa, na nani atamwoa binti aliyekwisha kusemwa hivyo. Kisha macho yake yakatua kwenye kola ya Modeste, iliyokuwa imelala peke yake kwenye kingo ya dirisha. Akaiinua. Akaona kifungo cheupe.

Aliichukua sehemu ya chini, ile yenye jina la Agathe, akaiweka kola ya Modeste juu yake. Iliingia sawasawa, maana kola zote zilikuwa za umbo moja.

"Fundi," akasema, "nani atahesabu mbavu?"

Apollinaire alisema mwenye kazi yake atazihesabu. Cyprien akajibu kwamba daktari ana picha mia za kutazama, na kwamba haombi uongo mkubwa, anaomba kipande. Wakifika Jumamosi na hicho kipande, ofisi ni ya Apollinaire mwaka mzima. Wakifika na kile kingine, dereva atapita mchana kuchukua vitambaa jinsi vilivyo.

Apollinaire alimgeukia Agathe. Kulikuwa na neno lililomsumbua tangu Jumanne, tangu ile leso iliyokunjwa vizuri.

"Wakati ulipima makohozi," akamwuliza, "ulikohoa kabisa, ama ulitema tu?"

Agathe alitazama sakafu. Alikiri kwamba siku ile walipanga foleni, wavulana wa shule wakiwa nyuma yake, na aliona haya kukohoa kutoka kifuani mbele yao kama mzee. Alitia mate ya mdomoni katika kikopo, akakifunika.

"Basi walipima mate," Apollinaire akasema. "Kifua bado."

Akawaambia habari za mdogo wake, Marcellin, ambazo hakuwa na desturi ya kuzisema. Marcellin alikohoa majira mawili ya mvua. Wote walijua ni karuho, na walijua hata aliyeitia, jirani mmoja aliyemwalika bia ya ndizi. Walimpeleka kwa mganga wa kutapisha sumu kule kisiwani Idjwi, mara tatu kwa mtumbwi, na kila mara alirudi mwepesi zaidi. Hospitalini alifika akiwa amebebwa. Daktari wa wakati ule alitazama radio, akauliza kwa nini hawakumleta mapema, kisha wakamzika. Yule jirani hawajasalimiana naye mpaka leo.

Cyprien alisema anasikitika kwa ajili ya mufu, lakini Agathe anatembea, anakula, si wa kubebwa. Agathe bado alikuwa ametazama chini. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo mno hata Apollinaire akatamani asingeisikia.

"Papa, hii shule niliingojea miaka mine. Fanya vile tonton Cyprien anasema."

Wakaondoka. Apollinaire alishona mikono ya koti la tisa mpaka nuru ikapungua, na kila alipoinua kichwa aliona kola mbili zimelala kwenye kingo ya dirisha.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa ya salongo, kazi ya lazima ya usafi, na barabara ilijaa watu wenye majembe na mifagio wakizibua mifereji. Apollinaire aliamka mapema kuliko wao. Aliketi mbele ya sehemu ya chini na hizo kola mbili, na kwa muda ambao chai ilipoa kikombeni hakugusa hata moja. Kisha akaiweka ya Modeste mahali pake, kujaribu tu. Kwa mbali ilipendeza. Karibu, ubavu wa nne ulikuwa umeshuka nusu kidole, kama mshono wa fundi anayejifunza. Angeweza kuuficha. Alijua hata namna: uzi mweusi, mishono mifupi, kidoa cha wino. Kisha akamfikiria Agathe akiwa na kofia nyeupe ya muuguzi, akiinama juu ya kitanda cha mtoto wa mtu, akikohoa.

Akaiondoa ya Modeste. Akatoboa matundu madogo pembezoni mwa kola ya Agathe, nje ya mapafu ili asiharibu kitu, akaishona na sehemu ya chini kwa mkono, uzi mwembamba, mbavu zikitazamana. Akaivingirisha kwenye gazeti. Kiongozi wa salongo alimwona anapita bila jembe, akaandika jina lake.

Agathe na Cyprien walikuwa tayari kwenye benchi la korido ya hospitali. Cyprien alitazama gazeti, kisha akamtazama yeye, na Apollinaire akatikisa kichwa: hapana. Cyprien akasimama kana kwamba atamzuia, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Daktari Floribert alikuwa kijana mwenye miwani, na alipoona mishono alicheka, akasema hajawahi kuletewa radio iliyopita kwa fundi wa nguo. Aliitundika kwenye kisanduku cha taa kando ya ile mpya. Kicheko kikaisha. Alipitisha kidole kwenye uzi, akahesabu mbavu moja moja akinong'ona, zote, mpaka mwisho.

"Ni yake hii?"

"Ni yake," Apollinaire akasema.

Daktari alieleza bila haraka, akimtazama Agathe na si wanaume. Alisema hawezi kutia sahihi. Kivuli ni kipya. Hata hivyo hiyo bado si hukumu, kwa maana radio huonyesha tu mahali pa kuuliza, na jibu liko kwenye makohozi. Akauliza kama yale ya mwanzo yalitoka kifuani kweli. Apollinaire alijua jibu, akamwachia Agathe.

"Hapana, docta," Agathe akasema. "Yalikuwa mate."

Daktari alitoa vikopo vitatu kabatini. Asubuhi tatu, akasema, ukiamka tu, kabla ya kula; vuta pumzi ndefu mara mbili, kohoa kutoka chini kabisa, nje penye hewa, peke yako. Wakiviona vijidudu, ni sindano za miezi miwili na vidonge vya mwaka na zaidi. Wasipoviona, ataendelea kumtafiti, hatamwacha. Shule itafunguliwa tena mwaka ujao. Agathe alivipokea vikopo kwa mikono miwili. Alitoka bila kumtazama Apollinaire. Cyprien alipita mbele yake kama unavyopita nguzo.

Mchana dereva alikuja. Apollinaire alikuwa amekwisha kukunja makoti tisa, yasiyo na vifungo bado, na vitambaa vitatu ambavyo havijakatwa. Juu yake aliweka furushi la mabaki, yote, limefungwa kwa uzi. Dereva aliuliza hayo matakataka ni ya nini. Apollinaire akajibu ni ya mwenyewe.

Jumatatu hakwenda kwenye gwaride. Alisikia ngoma tu kutoka mjini. Alikuwa ameketi mlangoni akiitazama picha kichwani mwake, ile aliyoishona, na kitu kilikuwa kinamkera kama mshono unaokosa mahali. Kati ya kola na sehemu ya chini, pembeni nje ya mbavu, palikuwa na upenyo. Utepe mwembamba ulikosekana. Alifikiri muda mrefu ulikokwenda, kisha akainuka, akaitoa abacost yake mwenyewe kwenye ndoano, ya pekee aliyokuwa nayo, ya kanisani. Akapapasa kola. Akachukua wembe na kuifumua.

Jumanne, wiki kamili tangu siku ile, Agathe alishuka barabara asubuhi na mapema, amevaa sweta ya kijani, mkononi akiwa na kikopo kilichofunikwa kwa karatasi. Kilikuwa cha tatu. Meza ya Apollinaire ilikuwa tupu, na cherehani imefunikwa. Agathe angepita, lakini fundi alikuwa amesimama kando ya barabara akimngoja, amevaa koti ambalo kola yake ililala upande mmoja.

Alimwamkia. Agathe akaitika kwa shida. Akasema ya Jumapili na Jumatatu amekwisha kupeleka, majibu bado, na safari hii amekohoa kweli mpaka mbavu zinamuuma. Kisha akakishika kikopo kwa mikono miwili, kama mtu asiyejua kama amekuja kugombana.

Apollinaire alitoa mfukoni utepe mweusi usiozidi kidole, wenye matundu ya sindano.

"Hii njo ilibaki," akasema. "Ya kwako."

Agathe alihamisha kikopo mkono wa kushoto. Akaupokea utepe, akauinua kidogo kuelekea kule ziwani kulikokuwa kunapambazuka, akafumba jicho moja. Kisha akauweka ndani ya leso, akaendelea kushuka kuelekea hospitali.